Je, Wajua? Rais Alipoongoza Jeshi kwa Sababu ya Kodi ya Wiski

Je, wajua kwamba mwaka 1794 Rais George Washington alitoka mwenyewe na jeshi kuwakabili wakulima waliogomea kodi? Serikali ya shirikisho ya Marekani ilianza kutoza wiski ushuru mwaka 1791. Magharibi mwa Pennsylvania, kuvusha magunia ya nafaka milimani kulimaliza faida yote, basi wakulima wakaigeuza kuwa wiski, wakalipana kwayo hata mishahara. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha hawakuwa nayo. Kilio chao kilikuwa na msingi. Lakini watoza ushuru walipakwa lami na kubandikwa manyoya, na Julai 1794 nyumba ya mkaguzi wa ushuru John Neville ikateketezwa baada ya kurushiana risasi. Wanajeshi karibu 13,000 walipofika, waasi walishatawanyika. Wawili walihukumiwa kunyongwa, Washington akawasamehe. Kodi ilifutwa mwaka 1802.