Kura Tatu Tanganyika, 1958–1959

Mtahiniwa, usiandike kwamba TANU ilisusia kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpigakura alilazimika kuchagua mmoja kutoka kila kundi, la sivyo kura yake iliharibika. Mkulima wa pamba wa Bujora asiye na elimu ya darasa la nane, kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka wala wadhifa maalumu hakuruhusiwa kupiga kura. Hata hivyo, Januari 1958 mjini Tabora, Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU washiriki. Kwa nini? Wapigakura wengi walikuwa Waafrika, hivyo Mwasia na Mzungu nao walihitaji kuungwa mkono na TANU. Mtego ukamnasa mtegaji.