Dawa nzuri inapoonekana mbaya: kosa linalojificha ndani ya mashine ya kupima molekuli

Tuseme kiwanda kimoja kimetengeneza dekstrani 40, dawa inayotiwa ndani ya serumu kusaidia mzunguko wa damu ya mgonjwa. Kanuni za dawa za Ulaya zinadai wastani wa uzito wa molekuli zake uwe kati ya 35.000 na 45.000. Wastani wa kweli wa mzigo huo ni 44.500, kwa hiyo unafaa. Lakini mashine inaandika 45.400 na mzigo unakataliwa, ijapokuwa hakuna aliyedanganya wala aliyezembea.

Huo ni mfano wa hesabu tu, lakini kosa lenyewe ni la kweli na wanakemia wanapambana nalo tangu miaka ya 1960.

Dekstrani hutengenezwa na bakteria kutokana na sukari ya kawaida. Ni minyororo mirefu, na urefu wake haulingani. Minyororo mifupi hupita upesi kwenye figo na kutoka na mkojo. Ile mirefu mno inaweza kushikamanisha chembe nyekundu za damu, hata kumchanganya munganga anayetafuta kundi la damu la mgonjwa. Ndiyo sababu kanuni hazitazami wastani peke yake. Sehemu moja ya kumi iliyo nzito kuliko zote haipaswi kuwa na wastani unaopita 110.000, na ile iliyo nyepesi kuliko zote haipaswi kushuka chini ya 7.000.

Kama njia za Kadutu

Kupima, maji yenye dekstrani hupitishwa katika mrija uliojaa punje zenye matundu madogo sana. Fikiria soko la Kadutu kule Bukavu. Mtu aliyebeba godoro kichwani hawezi kuingia kila kichochoro, anafuata njia kubwa na kutoka mapema. Mtoto anaingia kila pembe, anachelewa. Vivyo hivyo molekuli kubwa hutoka kwanza, ndogo zinafuata, na saa ya kutoka inaonyesha ukubwa.

Jerker Porath na Per Flodin walitangaza njia hiyo mwaka 1959 huko Uppsala, Sweden. Ajabu ni kwamba punje zao zilitengenezwa kwa dekstrani yenyewe. Mwaka 1964 J. C. Moore wa kampuni ya Dow, Marekani, aliipanua ifae plastiki na polima nyingine.

Lakini hata wabeba magodoro kumi wa kimo kimoja hawatoki sokoni kwa dakika ileile. Mmoja amesukumwa, mwingine amepata nafasi. Ndani ya mrija pia molekuli za ukubwa mmoja hutawanyika njiani. Zile za kati zilizowahi zinahesabiwa kuwa kubwa, zilizochelewa zinahesabiwa kuwa ndogo. Mchoro unapanuka pande zote mbili, hasa pembeni, mahali penyewe ambapo kanuni za dawa zinatazama.

Mwaka 1966 L. H. Tung, naye wa Dow, aliandika jambo hilo kwa hesabu: kinachoonekana ni ukweli uliotandazwa na mashine. Ukijua mashine inatandaza kiasi gani, unaweza kurudi nyuma hadi kwenye ukweli.

Dawa ya kosa nayo ina kosa lake

Kurudi nyuma ndiko kugumu. Kila kipimo kina mitetemo midogo, na hesabu ya kusahihisha huikuza. Ukiisukuma sana, mchoro unaota vilima ambavyo havipo, au unaonyesha kiasi kilicho chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo watafiti huiwekea hesabu mipaka: jibu liwe laini, lisiende chini ya sifuri. Kwa maoni yangu hapo ndipo uaminifu wa mpimaji unapojulikana, maana kusahihisha kupita kiasi kunaweza pia kuficha molekuli kubwa zilizopo kweli.

Tena, ili kujua mashine inatandaza kiasi gani, unahitaji polima yenye molekuli karibu sawa zote. Mwaka 1996 Taihyun Chang na wenzake wa Korea Kusini walitumia njia nyingine, ya kubadilisha joto la mrija, na polima zilizotumika kama vipimo vya mfano zikaonekana kuwa sawa zaidi kuliko mashine za kawaida zilivyosema.

Ukubwa wa kosa unategemea kinachopimwa. Polima yenye mtawanyiko wa 1,01 inaweza kusomwa 1,05: tofauti iliyopo imeongezeka mara tano. Kwa utandazaji uleule, dekstrani yenye mtawanyiko wa 1,50 itasomwa 1,56, na wastani wake utapanda kwa asilimia 2 hivi. Maabara nyingi zingeacha hapo. Kanuni za Ulaya zinataka kwanza mashine ipitishwe dekstrani zinazojulikana uzito, na hilo hufuta sehemu ya kosa kabla hata ya kugusa hesabu za Tung. Linalobaki ni dogo, ila mzigo wa 44.500 uko karibu mno na mpaka.