Mkanada Wetu Anakula Mihogo

Saa tisa za usiku wodini huwa kumetulia. Dawa zimeshatolewa, wagonjwa wengi wamelala, na sisi wauguzi tunapokezana kwenda kunywa chai. Hapa Muscat chumba chetu cha chai kina watu wa kila taifa: Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Waomani, Mmisri mmoja, Mkenya mmoja, na mimi Mtanzania wa Tanga. Mwaka jana akaongezeka dada mmoja kutoka Kanada.

Wiki yake ya kwanza hatukumpa nafasi ya kupumua. "Huko kwenu mnalala kwenye nyumba za barafu?" "Dubu hawaingii jikoni?" Mwenzetu mmoja alimkanyaga mguu makusudi, kwa kuwa alisikia Mkanada ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Na kweli, yule dada akasema samahani. Tukacheka mpaka msimamizi wa zamu akaja kutunyamazisha.

Siku ya nne akafungua bakuli lake la chakula mbele yangu. Mihogo ya nazi! Nikamuuliza kaipata wapi. "Hii mogo," akanijibu, "mama ndiye aliyenifundisha kupika." Kumbe wazazi wake ni Wahindi wa Kampala. Walikuwa miongoni mwa waliopewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 waondoke Uganda, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000 kati yao. Yeye kazaliwa Calgary. Mama yake mpaka leo akikasirika huwaambia watoto "Tokeni hapa!" kwa Kiswahili.

Basi yule tuliyemfanyia mzaha wa dubu siku tatu alikuwa karibu yangu kuliko nusu ya waliokuwa wakicheka.

Yanayosemwa na yaliyopo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu Kanada, au wana mtoto anayejaza fomu za kwenda kusoma huko. Kwa hiyo tuyatazame yale yanayosemwa.

La kwanza ni baridi. Ni kweli ipo, na anayekwenda Winnipeg mwezi Januari asidharau koti. Lakini tarehe 29 Juni 2021, mji mdogo wa Lytton, mkoa wa British Columbia, ulifikia nyuzi joto 49.6. Sisi wa Oman tunalijua joto la namna hiyo. Qurayyat, mwendo mfupi tu kutoka Muscat, mwezi Juni 2018 ilipitisha usiku na mchana mzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Kwa hiyo huyo mwanafunzi anahitaji koti, na anahitaji pia nguo nyepesi.

La pili ni kwamba Mkanada ni Mzungu anayesema Kiingereza. Sensa yao ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watu 23 katika kila 100 walikuwa wahamiaji. Mkoa wa Quebec lugha yake rasmi ni Kifaransa. Ukitua Montreal ukidhani Kiingereza chako kitakutosha kutafuta kazi, utapata tabu.

La tatu ni matibabu ya bure. Hili linawaponza wengi. Bima ya umma inalipia daktari na hospitali, lakini miaka mingi dawa za kununua nje ya hospitali na matibabu ya meno vimekuwa mzigo wa mtu mwenyewe au bima ya mwajiri wake. Na mwanafunzi wa kigeni si lazima aingie katika bima hiyo, maana kila mkoa una sheria zake. Ontario, kwa mfano, haiwaingizi katika bima ya mkoa. Vyuo vikuu vyake huwakatia bima yao ya kulipia. Mzazi, uliza habari ya bima kabla hujauliza habari ya bweni.

La nne ni kuomba radhi. Hapa mzaha umegusa kweli. Ontario ilipitisha sheria mwaka 2009 inayosema kwamba mtu akiomba radhi, maneno yake hayawezi kutumiwa mahakamani kama ushahidi kwamba amekiri kosa. Yule dada anasema sheria hiyo inawasaidia wauguzi na madaktari kumwambia mgonjwa "samahani, tumekosea" bila kuogopa wakili. Mimi nimeipenda.

La tano ndilo zito: kwamba Wakanada ni watu wema, hawana ubaguzi. Sifa nzuri nayo inaweza kukuumiza, kwa sababu yakikukuta utadhani kosa ni lako. Tazama noti yao ya dola 10 iliyotoka mwaka 2018. Kuna picha ya Viola Desmond, mwanamke mweusi mfanyabiashara. Mwaka 1946 aliketi sehemu ya Wazungu katika sinema ya New Glasgow, Nova Scotia, akaburutwa nje na kulazwa mahabusu. Na tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliwaomba radhi bungeni wenyeji wa asili kwa shule za bweni zilizowanyang'anya watoto wao. Wakanada wenyewe hawayafichi haya. Ni sisi wa mbali tunaotaka kuamini kwamba kuna nchi ya malaika.

Na sisi je?

Nikiwa Muscat nimeshaulizwa dukani, mara mbili, nafanya kazi nyumba ya nani. Nina stashahada ya uuguzi niliyoipata nyumbani na shahada niliyosomea Uingereza, lakini aliyeniuliza aliona mwanamke mweusi akashika jibu kabla ya swali. Iliniuma. Na si kwamba kazi ya nyumbani ni aibu. Dada zetu wanaoifanya hapa wanasomesha vijiji. Kilichoniuma ni kwamba hakuniona.

Lakini na sisi tuna midomo. Nimesikia, na nimesema, kwamba Mhindi bahili, Mfilipino ni simu na kicheko, Mwarabu anadeka. Hata baina yetu wenyewe: Mtanzania mpole ila mzito wa kazi, Mkenya mchapakazi ila mwache mbali na pesa. Tunasema kwa Kiswahili, tukijua hakuna anayetusikia.

Usiku mmoja nilisikika.

Alikuwa bibi wa Kiomani, siku ya pili tangu afanyiwe upasuaji. Alikuwa akilia kwa Kiarabu, "Ya Allah, ya Allah." Dawa ya maumivu nilikuwa nimempa muda si mrefu. Nikamtazama mapigo na presha, havikunitisha. Nikamwambia Mkenya mwenzangu kwa Kiswahili, pale pale kando ya kitanda: "Hawa kudeka tu. Mwache, atalala." Nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Niliporudi, kama dakika 40 baadaye, bibi alikuwa analowa jasho. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili safi: "Sideki mwanangu. Mkojo hautoki."

Nilifunua shuka. Mpira wa mkojo ulikuwa umekunjika chini ya paja na mfuko wake ulikuwa mtupu. Nikaunyoosha, nikausafisha, ukatoka mkojo wa karibu mililita 900. Mtu mzima huanza kubanwa kibofu kikifika mililita 300 au 400. Hesabu mwenyewe alikuwa katika hali gani. Alilala papo hapo, na mimi nikaenda chooni nikalia.

Asubuhi nilimweleza msimamizi wangu na nikaandika ripoti ya tukio. Kisha nikamrudia bibi. "Shikamoo bibi. Nisamehe." Akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Tanga, akanisimulia habari za Wete, Pemba, alikozaliwa, mpaka chai ikapoa.

Mtu mmoja, majina mawili

Historia ya bibi huyo ni ya familia nyingi hapa. Ukoo wa Sultani wa Oman ulitawala Unguja na Pemba kwa muda mrefu, na Waomani wengi walihamia huko, wakaoa, wakazaa, wakalima karafuu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wengi walikimbia. Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwezi Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu na Kiingereza, wakapata kazi maofisini. Ila nyumbani walizungumza Kiswahili, na Kiarabu cha wengine kilikuwa cha kusuasua.

Unguja watu kama wao waliitwa Wamanga, na halikuwa jina la heshima kila lilipotamkwa. Manga ni jina la zamani la nchi za Arabuni. Ndilo lililobaki katika pilipili manga. Walipofika Muscat wakaitwa Wazinjibari, na wapo waliosema hawa si Waarabu hasa. Mtu yule yule, kule ni mgeni kwa sababu ya huku, na huku ni mgeni kwa sababu ya kule. Wakati huo huo Muscat nzima inakula mishkaki na mandazi.

Mimi niliyajua haya yote kabla ya usiku ule. Nilikuwa nayasimulia kwa wageni wangu. Hayakunizuia kumwita bibi wa watu mdekaji.

Na jambo hili halipo katika wodi yetu tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha uchunguzi waliowafanyia Wazungu wanaosomea udaktari na madaktari walio mafunzoni. Karibu nusu yao waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Walioamini hivyo zaidi walikisia maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo kuliko ya Mzungu. Niliposoma nilikasirika kwa niaba yetu sote. Kisha nikakumbuka bibi wa Wete.

Tunarudi nyumbani

Watoto wetu wanaokulia ugenini watasikia mengi kuhusu Waafrika. Mtoto akirudi shuleni na maneno, usimjibu kwa kumpa maneno mengine ya kurusha: "Mwambie na wao wananuka." Muulize kwanza alijisikiaje. Kisha msaidie apate swali la kumrudishia mwenzake, kama "Nani kakwambia?" au "Umewahi kufika?" Na wewe mzazi uchunge ulimi mezani, maana sisi ndio shule yao ya kwanza ya kuwasema watu.

Mwanafunzi unayekwenda Kanada, au unayekuja huku Oman, beba yale uliyosikia lakini usiyaweke mbele. Kwenye matibabu nina ombi moja zaidi: ukiwa na maumivu na ukahisi unapuuzwa, yataje kwa namba, kati ya sifuri na kumi, eleza yalianza lini, na omba iandikwe. Muuguzi aliyechoka anaweza kumdharau mgonjwa anayelia, lakini kilichoandikwa ni vigumu kukipita.

Mimi sasa nina kanuni yangu. Likinijia neno "hawa" nikiwa kitandani kwa mgonjwa, nafunua shuka kwanza.

Yule dada wa Calgary bado tuko naye. Ijumaa iliyopita alileta mihogo ya watu wote, na aliyemkanyaga mguu ndiye aliyekula zaidi.