Sababu gani rangi inabambuka ku kromu na plastiki: kazi kubwa iko mbele ya kupakala

Mu Mutwanga, Lume, Bulongo na ku barabara ya Beni–Kasindi, pikipiki ni shamba la pili la jamaa nyingi. Abiria anaangalia mashini mbele ya kupanda. Akiona gardebu imepauka na kioo cha pembeni kimeshika kutu, anajiuliza kama freni pia ziko vile. Ndiyo maana wamotari wengi, na wenye gari pia, wananunua kopo ya rangi ya kupuliza na kufanya kazi wenyewe mu kiwanja cha nyumba. Siku ya kwanza inangaa. Nyuma ya mvua mbili tatu, rangi inabambuka kama ganda la kitunguu, na feza imekwenda bure.

Wengi wanasema ni rangi ya feki. Pengine ni kweli. Lakini hata rangi ya bei kali haiwezi kushika kama mahali pa kuipakala hapakutayarishwa.

Kromu na plastiki zinakataa rangi

Kile kinachongaa ku chuma cha pikipiki si chuma chenyewe. Ni ngozi ya kromu, na chini yake kuna ngozi ingine ya nikeli. Ile ya kromu ni nyembamba sana: karatasi ya daftari inaipita unene mara zaidi ya mia. Iko laini na ngumu kama kioo, kwa hiyo rangi haipati mahali pa kushikilia. Tena iko na vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuona. Maji yanapita humo, yanafika ku chuma, kutu inazaliwa chini na kuinua kromu. Ukipakala rangi juu ya kutu hiyo, unaifunika tu. Yenyewe inaendelea kula.

Plastiki nayo haiko ya aina moja. Geuza kipande, angalia mgongoni: mara nyingi kiwanda kimeandika herufi ndogo, kama ABS ao PP. ABS inakubali rangi vizuri ikisuguliwa. PP iko kama yenye kupakwa nta. Rangi ya kawaida haishiki, inaomba kwanza dawa ya kushikisha rangi ku plastiki.

Kama herufi hazionekane, kuna jaribio rahisi. Kata kachembe kadogo mgongoni, mahali pa kujificha, ukatie mu glasi ya maji. Kakielea, kwa kawaida ni PP ao ndugu yake. Kakizama, mara nyingi ni ABS ao plastiki ingine nzito. Kama ni PP na ile dawa haipatikane ku soko, afazali kuacha kipande vile kilivyo kuliko kuteketeza rangi.

Namna ya kufanya

Toa kipande ku mashini kama inawezekana. Kioshe mara mbili na maji ya vuguvugu na sabuni, kisha mwaga maji safi juu yake. Maji yakitandaa sawasawa, kipande ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta ingali iko; rudilia. Wengi wanasafisha na esanse, lakini yenyewe inaweza kuacha mafuta nyuma, na mvuke wake unawaka haraka. Alkoli ya kusafisha ni bora, lakini nayo inawaka: ikae mbali na moto. Kama plastiki ilikuwa inapakwa mafuta ya kungarisha ao ya matairi, osha zaidi, juu mafuta hiyo inafanya rangi kutoboka vitundu.

Sasa msasa. Ku kromu, tumia namba 320 mpaka 400, pamoja na maji, mpaka kungaa kuishe kabisa na mahali pote pawe pa kijivu. Kromu yenye imeinuka iondoke, na kutu itoke yote. Ku plastiki, namba 600 inatosha, kwa mukono mwepesi. Kausha vizuri.

Kisha inakuja rangi ya kwanza, ile mafundi wanaita apre. Ku kromu, apre ya epoksi ndiyo inashika vizuri zaidi. Ku plastiki, kuwa mwangalifu na diluanti kali: inaweza kuyeyusha ABS na kuipasua. Nyuma ya apre, pakala rangi mara tatu nyembamba kuliko mara moja nzito. Shika kopo mbali ya santimeta 20 mpaka 30, na ungoje dakika 10 mpaka 15 katikati, ao vile imeandikwa ku kopo. Maliza na vernisi ya aina moja na rangi.

Mu Mutwanga, hali ya hewa iko na neno lake. Unyevu wa Ruwenzori na mvua ya mangaribi vinaweza kufanya rangi mbichi iwe nyeupe kama ukungu. Anza asubui, umande ukiisha kukauka, mu kivuli chenye hewa. Wale wenye kutumia kompresa, hasa tangu umeme wa maji wa Virunga ulipofika hapa mu 2013, wakumbuke kufungua tangi na kumwaga maji yenye inajikusanya ndani. Bila hiyo, matone yanatoka pamoja na rangi.

Vipande ambavyo havipashwe kuguswa

Hapa si mambo ya uzuri tena, ni maisha ya abiria. Nguzo mbili zenye kungaa za amortiseri ya mbele zisipigwe msasa wala rangi, hata kama zimechoka. Zinateleza ndani ya mpira wenye kuzuia mafuta. Zikikwaruzwa, mpira unapasuka na mafuta inaweza kushuka ku freni. Diski ya freni haipakaliwe hata kidogo. Taa na vioo vyekundu vya nyuma vinabaki wazi. Ku barabara ya giza, ndivyo vinaonyesha kamio kwamba kuna mutu mbele. Eshapema inaomba rangi ya kuvumilia joto kali. Ya kawaida inaungua na kutoa moshi mbaya.

Mapafu ya fundi na ya watoto

Vumbi la kromu na nikeli si la kuvuta, na rangi za zamani zinaweza kuwa na plombi, ambayo inaharibu ubongo wa mutoto hata ikiwa kidogo. Ndiyo maana msasa wa maji ni bora kuliko wa kavu: vumbi inabaki chini. Maji hayo yasimwagwe karibu na kisima ao mu mufereji wenye kwenda mtoni. Usichome rangi ya zamani, wala usitoe kromu na asidi ya betri.

Kupuliza rangi kusifanyike ndani ya nyumba, wala karibu na makala yenye kuwaka. Tena kuna rangi za kuchanganya na dawa ya kugandisha. Nyingi ziko na kemikali yenye inaweza kuleta pumu ya kudumu, na kitambaa ku pua hakizuie kitu. Hizo ziachiwe fundi mwenye maski ya kweli yenye vichujio.

Jaribu mbele ya kumaliza kopo

Mbele ya kupakala gari ao pikipiki nzima, fanya kazi yote, tangu kuosha mpaka vernisi, ku kipande kimoja kidogo. Ngoja siku 7. Chora misalaba midogo na wembe, bandika skochi juu, kisha uivute mara moja. Skochi ikitoka safi, endelea. Ikitoka na rangi, rudilia kuosha na msasa. Hapo umepoteza kipande kimoja tu. Feza ya kopo zingine ingali mufukoni, na siku za kazi hazikupotea.