Akina Mama Twende Porini, Lakini kwa Mpango

Akina mama wenzetu, ifikapo mwezi Juni Tabora huwa imekauka. Mvua zimekwisha, nyasi zimelala, asubuhi kuna ubaridi mzuri wa kutembea, na vikundi vingi vya akina mama huanza kuulizana: mwaka huu twende wapi? Wengi hutaja Mwanza ili wakaone ziwa, au Dar es Salaam kwa treni. Sisi tunapenda kutaja pori lililo mlangoni petu.

Tangu mwaka 2019 lile Pori la Akiba la Ugalla limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ukitoka Tabora mjini unashika barabara ya Kigoma hadi Urambo, kama kilomita 90, kisha unaacha lami na kuelekea kusini. Huko kuna msitu wa miombo usioona mwisho wake, kuna tembo, simba na viboko, na kuna palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma. Wageni hutoka mbali kuja kumwona. Watoto wetu wanamjua kwa picha, kama wanamjua kabisa. Safari ya siku tatu, kulala mara mbili kwenye mahema na kutembea kwa miguu asubuhi pamoja na askari wa hifadhi, inatosha sana. Na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Lakini sisi tumezoea wodi. Swali la kwanza tunalouliza halihusu mahema wala nani atapika. Ni hili: mtu akiugua ghafla usiku pale tutakapolala, itachukua saa ngapi kumfikisha penye daktari na damu ya kuongezewa?

Andikeni saa, msiandike kilomita. Kilomita 40 za vumbi na mashimo gizani si sawa na kilomita 40 za lami. Muulizeni dereva anayeijua njia hiyo, ulizeni na ofisi ya hifadhi. Hesabuni kutoka kambini hadi kwenye lango, kutoka langoni hadi Urambo, na kutoka Urambo hadi Hospitali ya Kitete mjini Tabora iwapo itabidi. Jumla ya saa hizo ndiyo itakayowaambia nani aende na nani abaki. Gari pia lisiwashushe likarudi mjini. Lilale nanyi, dereva wake awepo, na mafuta ya kurudia yasiguswe.

Nani abaki?

Hapa ndipo penye ugumu. Orodha ya mahema haimuudhi mtu, lakini kumwambia mwenzako abaki kunauma. Mjamzito asiende kulala porini. Malaria kwake ni hatari mbili, yake na ya mtoto aliye tumboni, na barabara yenyewe si ya kumfaa. Watoto wa chini ya miaka mitano wabaki na bibi. Mwenye kisukari anayechoma sindano, mwenye pumu inayombana mara kwa mara na mwenye kifafa waonane kwanza na daktari wao, wamweleze zile saa tulizozitaja. Wasimwambie tu kwamba wanakwenda matembezi.

Na mtoto mwenye selimundu? Tuliwahi kukaa na mama mmoja wa kikundi, tukanywa naye chai, tukimweleza kwa nini binti yake wa miaka 11 asiende. Upungufu wa maji mwilini, uchovu, baridi ya usiku wa Juni na malaria, kila kimoja peke yake chaweza kuamsha yale maumivu makali. Porini vyote vinne hukaa pamoja. Mama yule hakubisha. Alisema tu kwamba binti amechoka kuachwa, kwamba shuleni huachwa kwenye michezo, nyumbani huachwa asichote maji, na sasa hata na mama zake wa kanisani anaachwa.

Hatukubadili uamuzi, ila tulimpa binti kazi. Kila safari ya porini lazima iwe na mtu anayebaki mjini akiwa na karatasi yenye majina yote, namba ya gari, mahali pa kulala kila usiku, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila habari, yeye ndiye anayepiga simu hifadhini, kwani huko ndani simu hukosa mtandao. Binti alishika karatasi hiyo pamoja na mama yake, ambaye aliamua kubaki naye. Siku ya kurudi tuliitwa kwa majina mmoja mmoja, kama darasani, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuoga kabla hajaitika.

Tena alishakwenda nasi Kwihara.

Kwanza Kwihara

Wiki mbili au tatu kabla ya safari yenyewe, fanyeni jaribio. Kwihara iko kilomita 6 au 7 tu kutoka mjini, penye lile tembe la Livingstone ambalo sasa ni makumbusho. Tembeeni kwa miguu hadi huko mkiwa na viatu na mizigo ileile mtakayokwenda nayo porini. Wasioweza kutembea wafuate kwa gari. Jaribio hili litawaonyesha ni viatu gani vinachubua, ni nani hupumua kwa shida, na ni nani amejaza begi vitu vya harusi.

Wenyeji wa njia hii walilijua jambo hilo zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na desturi ya kutembea mwendo mfupi siku ya kwanza na kupiga kambi karibu, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba kilo 30 na zaidi begani, waliondoka alfajiri wakapumzika kabla jua halijawa kali. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba 7, kwa mwendo wa namna hiyo. Livingstone naye alifika Kwihara Februari 1872 pamoja na Stanley. Stanley alipoondoka mwezi Machi kwenda pwani, mzee yule alikaa pale hadi Agosti 25 akingoja wapagazi wa kuaminika na vifaa. Miezi mitano na zaidi ya kungoja! Sisi tukiambiwa tungoje wiki mbili, tunanuna.

Wanaume wa misafara wameandikwa sana vitabuni. Wanawake waliokuwa nyuma yao wakiwa na vyungu, mikeka na watoto mgongoni wametajwa kidogo. Mmoja ni Halima, mpishi wa Livingstone, mtumwa, mke wa Amoda. Siku moja pale Kwihara aligombana na mwenzake Ntaoeka, akaondoka kwa hasira. Livingstone alituma barua nyuma yake, lakini Halima alirudi mwenyewe. Alichotaka ni huyo bwana atoke nje amwambie aingie. Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyeutegemeza msafara kama mama huyo, tena hakuiba wala hakumruhusu mumewe aibe, na kwamba angemwachia huru na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar. Tunalieleza hili kwa sababu ugomvi wa jikoni huja katika kila safari. Ni heri ugomvi huo uje siku ya Kwihara, nyumbani kukiwa karibu.

Maji

Kati ya Ugogo na Tura misafara ilipita sehemu kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Ili kuvuka mahali pa namna hiyo wapagazi walifanya tirikeza, yaani waliondoka kisimani mchana baada ya kunywa na kujaza vibuyu, wakatembea hadi jioni, wakalala bila maji na kuyawahi ya mbele asubuhi. Hawakusema tutayapata hukohuko.

Nasi tusiseme. Mto Ugalla wakati wa kiangazi hupungua ukabaki madimbwi marefu, na viboko na mamba hukusanyika humo. Si mahali pa mama kuinama na ndoo, hasa jioni. Kwa kunywa na kupika hesabuni lita 6 kwa kila mtu kwa siku. Watu 12 kwa siku 3 ni lita 216, yaani madumu 11 ya lita 20, zaidi ya kilo 200 kabla hamjapakia mtu hata mmoja. Vikundi vingi hugundua hapo kwamba gari waliloazima halitoshi. Ikibidi kutumia maji ya huko, yachujwe kwa kitambaa safi na yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Kuoga dimbwini msioge, kuna kichocho.

Katika kutembea kila mmoja abebe lita 2 zake mwenyewe. Akihara au kutapika mtu, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha si vya kujaza kilima.

Mbung'o na sare zetu

Mbu ni wa usiku. Kwake tuna chandarua chenye dawa, hema linalofungwa zipu, na dawa ya kupaka. Mbung'o ni wa mchana, hufuata gari linalotembea, na mdomo wake hupenya kitambaa chepesi. Ndiye aletaye malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tabora na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa huo.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Sasa tazameni sare za vikundi vyetu vya kanisani! Ziachwe nyumbani. Vaeni rangi ya udongo au kijivu, mikono mirefu, kitambaa kizito, lakini msivae madoadoa ya kijeshi, ambayo raia haruhusiwi. Kuna wenzetu wasiopenda suruali. Hatubishani nao: wavae suruali pana na gauni refu juu yake, mbung'o hataona tofauti.

Dawa za kupaka hazimzuii sana mbung'o, na chanjo ya malale haipo. Kwa hiyo nguo ndiyo kinga, pamoja na kufunga vioo vya gari.

Mengineyo

Kuhusu nyoka tutasema machache. Vaeni viatu vya kufunika mguu, tembeeni na tochi usiku, msiingize mkono penye magogo. Akiumwa mtu, vueni pete na bangili zake, mguu au mkono ufungwe ubao usitikisike, abebwe, safari ya hospitali ianze dakika hiyo. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi libaki lilikotoka. Kabla ya safari pigeni simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.

Chakula kisiwasumbue. Michembe na matobolwa haviozi, ni vyepesi kubeba, na ukila na karanga unatembea hadi mchana. Chukueni na asali, tuko Tabora. Kuni msizihesabie, maana hifadhini huokoti upendavyo; chukueni jiko la gesi au mkaa na muulize panaporuhusiwa moto. Vibali na malipo vishughulikiwe mapema katika ofisi ya hifadhi, na mkiambiwa hakuna kutembea bila askari mwenye silaha, msitafute njia ya mkato. Waume zetu nao waambiwe mapema, wakiwa wameshiba, na waonyeshwe ile karatasi ya saa na majina. Wengi wanaokataa huwa wanakataa kwa sababu wamesikia neno "pori" tu.

Mkisharudi

Safari haijaisha siku mliyoshuka garini. Vimelea vya malaria huchukua siku 7 au zaidi kabla homa haijaanza. Malale ya upande wetu huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki tatu, na pengine hutanguliwa na kidonda kilichovimba pale mbung'o alipouma. Isipotibiwa huua katika miezi michache. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha. Damu lazima itazamwe kwa hadubini na mtu aliyeambiwa anatafuta nini.

Kwa hiyo mama, au mtoto, au dereva akipata homa, asiende duka la dawa. Aende kituo cha afya, na neno la kwanza liwe: nilikuwa Ugalla, niliumwa na mbung'o, tarehe fulani. Kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, au dawa imemalizwa na homa ipo, arudi aombe damu itazamwe tena kwa malale. Siku ya kurudi, kabla ya kufua nguo, hesabuni siku 28 mbele na muandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, na namba ya simu ya dereva kando yake.