Picha nzuri ya kiondo haihitaji kamera ghali

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, methali hiyo yafaa zaidi sokoni, ambako mnunuzi hukishika kiondo, akakigeuza na kuuvuta ukanda wake kabla ya kutoa pesa.

Siku hizi mnunuzi aliye Mombasa aweza kumwagiza msusi wa Machakos kupitia simu ya mkononi. Hana cha kushika ila picha. Picha ikiwa mbaya, kazi ya siku nyingi hudharauliwa. Ikidanganya, mzigo hurudishwa na hasara humwangukia msusi.

Iwapo wewe ni msusi, usikimbilie kukopa pesa za kamera. Simu yako, dirisha na karatasi mbili nyeupe za manila zatosha.

Kwanza, zingatia mwanga. Kwa kuwa Kenya imepitiwa na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini na huacha vivuli vizito. Basi weka meza ndani, kando ya dirisha au mlango usiopigwa na jua moja kwa moja. Mwanga unaotoka ubavuni hudhihirisha jinsi nyuzi za mkonge zilivyopishana, ilhali flashi ya simu huufanya ususi uonekane bapa.

Pili, zima taa. Mwanga wa balbu nyingi una umanjano kuliko ule wa mchana, na ukichanganya aina hizo mbili rangi za kiondo hupotoka.

Tatu, bandika manila moja ukutani na uiache iteremke hadi mezani bila kuikunja, kisha uweke kiondo juu yake. Ya pili isimamishe upande usio na dirisha ili irudishe mwanga penye kivuli.

Kabla ya kupiga picha, pangusa lenzi kwa kitambaa laini. Egemeza simu kwenye vitabu ili isitikisike. Ukitaka kiondo kionekane kikubwa zaidi, sogeza simu karibu badala ya kuikuza picha kwa vidole, kwani kufanya hivyo mara nyingi huifanya ififie.

Aidha, picha moja haitoshi. Onyesha mbele, ndani, kitako na mahali ukanda uliposhonewa. Vilevile, piga moja ya mtu aliyekibeba begani ili ukubwa wake ubainike, na uandike vipimo kwa sentimita.

Hatimaye, kabla ya kuituma, linganisha picha na kiondo chenyewe hapo dirishani. Ikiwa nyekundu imegeuka kuwa rangi ya chungwa, rudia. Uzi ukiwa umefumuka mahali, urekebishe au uuonyeshe wazi.

Picha hiyo imeshika nafasi ya mkono wa mnunuzi. Akipokea kile alichokiona, huenda akaagiza tena.