Mtambo wa akiba si akiba mpaka ujaribiwe

ASUBUHI ya Oktoba 1, 2020 madalali wa Soko la Hisa la Tokyo, Japan, walifika kazini kama kawaida, lakini hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mikono katika soko hilo siku hiyo. Soko hilo, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lilifungwa kutwa nzima. Chanzo hakikuwa vita, mgomo wala kuporomoka kwa bei. Ilikuwa ni memori iliyoharibika ndani ya kifaa cha kuhifadhia data.

La kushangaza ni kwamba kifaa cha pili, cha akiba, kilikuwapo na kilikuwa kizima. Kwa nini basi hakikuokoa jahazi? Ili kujibu swali hilo hatuna budi kuyaelewa maneno machache ambayo wauzaji wa mitambo huyatumia wanapozungumza na mabenki, makampuni ya simu na masoko ya hisa. Tangu masoko ya Nairobi na Dar es Salaam yalipoacha ubao na kuingia kwenye kompyuta mwaka 2006, maneno haya yanagusa moja kwa moja fedha za mwekezaji mdogo wa huku kwetu.

Neno la kwanza ni seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Seva kadhaa zikiunganishwa ili mteja azione kama moja, kundi hilo huitwa klasta, na kila seva ndani yake huitwa nodi. Mara nyingi nodi hizo hutumia diski ya pamoja, mfano wa wauzaji wawili wa duka wanaoandika katika daftari moja.

Nodi hupelekeana ishara fupi kila mara kuthibitisha kwamba ziko hai. Mafundi huziita ishara hizo mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, nodi iliyobaki hushika kazi ya mwenzake. Hatua hiyo ndiyo kupokezana, na ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Tuseme waya wa mapigo umekatika, lakini nodi zote mbili ni nzima. Kila moja itadhani mwenzake amekufa, nayo itaanza kuandika katika daftari lile lile. Mafahali wawili hawakai zizi moja: hesabu huvurugika, na oda moja inaweza kutekelezwa mara mbili. Dawa yake ni akidi, kama katika mkutano wa chama cha ushirika. Nodi isiyopata zaidi ya nusu ya kura hairuhusiwi kuendelea. Ndiyo maana klasta ya nodi mbili huhitaji kura ya tatu, ambayo aghalabu huwekwa kwenye diski maalumu.

Aidha, msomaji atofautishe bidhaa mbili ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Klasta ya kawaida husimama kwa sekunde au dakika kadhaa wakati wa kupokezana, kisha huendelea. Mtambo unaostahimili hitilafu haupaswi kusimama kabisa. Kampuni ya Tandem ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilijijengea jina kwa mitambo ya aina hiyo, na ule wa kwanza uliuzwa kwa Citibank mwaka 1976. Humo kila kazi muhimu ilikuwa na pacha wake katika prosesa nyingine, akipewa taarifa ya kila hatua. Stratus, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilitumia njia nyingine: vifaa viwili vilifanya kazi ile ile kwa wakati mmoja, na kimoja kikiharibika mteja hakuhisi kitu.

Tukija kwenye asilimia, mwekezaji awe macho. Muuzaji akiahidi kwamba mtambo utapatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka, maana yake ni kwamba unaweza kuzimika kwa karibu saa 8 na dakika 46. Kwa asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi, na kwa asilimia 99.999 ni dakika 5 na ushei. Mwaka 2020 soko la Tokyo lilifanya biashara kwa saa 5 tu kwa siku. Kwa hiyo mtambo unaweza kupoteza siku nzima ya biashara na bado ukatimiza ahadi ya 99.9!

Sasa turudi Tokyo. Hitilafu iligunduliwa saa 1 na dakika 4 asubuhi, takriban saa 2 kabla ya soko kufunguliwa. Kifaa cha akiba kilipaswa kupokea kazi chenyewe. Hakikupokea, kwa sababu mpangilio wa kupokezana kwa hitilafu ya aina ile ulikuwa umezimwa, na maelezo ya kitabu cha mtambo hayakulingana na jinsi kifaa kilivyofanya kazi. Kuwasha upya mtambo mzima kuliwezekana, lakini oda zilikwishaanza kupokelewa, na ikahofiwa kwamba wawekezaji wangechanganyikiwa. Biashara ilirejea Oktoba 2. Mwezi uliofuata mkuu wa soko hilo, Koichiro Miyahara, alijiuzulu.

Funzo ni kwamba kununua vifaa viwili ni nusu ya kazi. Kwa maana hiyo, mwenye hisa za benki, au mfanyabiashara anayetaka kununua mtambo, asiridhike kuambiwa kwamba "tuna klasta." Aulize mambo matatu: Ni lini mara ya mwisho nodi moja ilizimwa makusudi ili ionekane kama nyingine itapokea? Ilichukua dakika ngapi? Na oda zilizokuwa njiani zilikwenda wapi?

Asiyeweza kutaja tarehe ya jaribio hilo bado hana akiba. Ana vifaa viwili na bili mbili.